Ufa, Bamba na Kitovu: Maneno ya Kuielewa Ardhi ya Nakuru

Machi 2018, mvua ya masika ilipozidi, ardhi ilifunguka karibu na Suswa, si mbali na mpaka wa kaunti za Nakuru na Narok. Barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatika, mashamba yakagawanyika na baadhi ya familia zikalazimika kuhama makwao. Katika sehemu fulani shimo hilo lilifikia kina cha takribani mita 15. Siku chache baadaye picha zake zilikuwa zimezunguka dunia nzima, zikiambatana na habari moja: Afrika inagawanyika vipande viwili.

Wanajiolojia wengi waliolichunguza eneo hilo hawakukubaliana na habari hiyo. Walieleza kwamba mvua ilikuwa imeosha majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaza nyufa za kale chini ya udongo. Bara la Afrika linagawanyika kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka, na kazi hiyo haikufanyika usiku mmoja wa Machi.

Huenda mtu akaona huo ni ubishi wa wasomi. Sivyo. Mkazi anayeambiwa kwamba bara linapasuka chini ya miguu yake hana la kufanya ila kuhama au kuomba Mungu. Anayeambiwa kwamba maji yanakula majivu chini ya shamba lake anaweza kuelekeza mitaro kwingine, kuusogeza msingi wa nyumba au kukataa kununua ploti. Katika kaunti yenye watu 2,162,202 kwa hesabu ya sensa ya 2019, ambayo karibu yote imelala ndani ya Bonde la Ufa na kwenye kingo zake, maneno ya jiografia si ya mtihani wa shule peke yake.

Bamba

Dunia imejengwa kwa matabaka. La juu ni ganda, ambalo chini ya mabara lina unene wa kilomita 30 hadi 50 hivi, na chini ya bahari kilomita 7 tu kwa wastani. Chini yake kuna tabaka la kati, ambalo ni mwamba wa moto sana unaoweza kusogea polepole mno ingawa haujawa kimiminika. Ndani kabisa kuna kiini cha chuma, sehemu yake ya nje ikiwa imeyeyuka na ya ndani ikiwa ngumu.

Ganda hilo, pamoja na sehemu ngumu ya juu ya tabaka la kati, halikukaa kama kifuu kizima cha nazi. Limevunjika vipande. Kila kipande ni bamba, na mabamba makubwa ni saba hivi, ukiacha madogo mengi yaliyobanwa katikati. Yote yanatembea. Mwendo wake ni sentimita chache kwa mwaka, karibu sawa na ukuaji wa kucha za vidole.

Mjerumani Alfred Wegener alitoa hoja mwaka 1912 kwamba mabara yote yaliwahi kuwa nchi kavu moja kisha yakaachana. Alitazama jinsi pwani ya Afrika Magharibi inavyoingiana na ya Brazil, na visukuku vya wanyama wa aina moja vilivyopatikana pande zote mbili za Atlantiki. Wenzake wengi walimpuuza kwa sababu hakuweza kueleza ni nguvu gani ingeweza kusukuma bara zima. Alifariki Greenland mwaka 1930 bila kukubaliwa. Ushahidi ulikuja katika miaka ya 1960, wanasayansi walipopima sakafu ya bahari na kukuta ikizaliwa katikati na kusambaa pande mbili.

Mabamba hukutana kwa namna tatu. Kuna yanayogongana, kama la Uhindi lililolisukuma bara la Asia na kuinua milima ya Himalaya. Kuna yanayosuguana yakipitana ubavu kwa ubavu, kama huko California. Na kuna yanayoachana. Nakuru imo katika kundi hili la tatu.

Kwa upande wa magharibi kuna bamba la Nubia, linalobeba sehemu kubwa ya Afrika. Mashariki kuna bamba la Somalia, linalobeba pwani yote ya Kenya na Pembe ya Afrika. Mpaka wao ndio Bonde la Ufa. Linaanzia Afar nchini Ethiopia, ambako linakutana na mipasuko miwili zaidi, wa Bahari ya Shamu na wa Ghuba ya Aden. Kutoka hapo mkono wa mashariki unashuka Turkana, Baringo, Nakuru, Naivasha na Magadi hadi Tanzania. Mkono wa magharibi umepita Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi, na maziwa marefu ya Kivu na Tanganyika yamo ndani yake. Ziwa Victoria liko katikati ya mikono hiyo miwili, juu ya bamba dogo lake lenyewe.

Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alipita katika mkono wa mashariki, akasoma miamba ya kingo zake na kueleza kwamba bonde hilo halikuchimbwa na mto. Ardhi ya katikati ilizama baada ya pande zake kuvutwa. Mpaka leo wataalamu huuita mkono huu Ufa wa Gregory.

Ufa, mpasuko na korongo

Hapa ndipo lugha ya mitaani na ya wataalamu huachana, na hapa ndipo habari ya 2018 ilipoharibika.

Ufa, kwa maana ya jiolojia, ni mahali ambapo mwamba umevunjika na upande mmoja umesogea ukilinganishwa na mwingine. Kusogea ndiko kunakoufanya uwe ufa. Anayesimama Mai Mahiu na kutazama juu kuelekea Limuru anaona kazi ya nyufa za namna hiyo: kuta zinazopanda kwa ngazi kubwa kubwa, kila ngazi ikiwa imeshuka kwenye ufa wake. Upande wa pili ni ukingo wa Mau. Karibu zaidi na mji wa Nakuru kuna ukingo wa Bahati. Sakafu ya bonde ndiyo iliyoshuka.

Mpasuko ni uwazi tu. Ardhi imefunguka kama mdomo, lakini pande zake mbili hazijapandishana wala kushushana. Mipasuko mingi sakafuni mwa bonde ilifunguka zamani ardhi ilipovutwa, kisha majivu ya volkano na udongo uliosombwa na maji vikaifunika. Kwa macho hakuna kitu. Mahindi yanaota juu yake na nyumba zinajengwa juu yake.

Korongo ni kazi ya maji. Mvua ikinyesha sana, maji hutafuta njia, na njia nyepesi kuliko zote ni ile ya majivu yaliyojaza mpasuko. Yanaingia chini, yanabeba chembechembe, na pango linakua polepole bila mtu kujua. Siku dari la pango linapoanguka, watu huamka na kukuta shimo lililofuata mstari ulionyooka. Hiyo ndiyo historia ya mitaa kadhaa ya mji wa Nakuru, ambako barabara, kuta na hata nyumba zimewahi kutitia baada ya mvua kubwa. Inasemekana jina la Nakuru lenyewe lina asili ya Kimaasai na linamaanisha mahali pa vumbi. Sehemu kubwa ya vumbi hilo ni majivu ya volkano.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini methali hiyo iliwahusu wenye nyumba za udongo. Mpasuko wa ardhini ukizibwa kwa taka na vifusi bila kugeuza mkondo wa maji, mvua ya msimu ujao huufungua tena, mara nyingi ukiwa mpana zaidi. Cha kwanza ni kuyaondoa maji: mitaro ya barabara, maji ya paa na hata shimo la choo visimwage mahali ambapo ardhi imeonyesha dalili ya kutitia.

Dalili zenyewe zinajulikana. Mstari wa nyasi zilizo kijani kuliko nyingine wakati wa kiangazi. Mashimo madogo yaliyojipanga kama shanga. Maji ya mvua yanayotiririka hadi mahali fulani kisha yakatoweka. Nyufa zinazopanda ukutani kwa mshazari na kurudi kila zinapopigwa plasta. Anayenunua ploti na akaona mambo hayo, gharama ya kumwita mtaalamu wa udongo kabla ya kulipa ni ndogo kuliko ya kujenga mara mbili.

Chimbuko na kitovu

Tetemeko la ardhi hutokea nyuso mbili za ufa, ambazo zimeshikamana kwa msuguano kwa miaka mingi huku mabamba yakizivuta, zinapoachiliana ghafla. Nguvu iliyokuwa imejikusanya hutoka kwa mawimbi. Mahali pa chini ya ardhi ambapo mwachano ulianzia ni chimbuko la tetemeko. Mahali juu ya uso wa ardhi palipo wima juu ya chimbuko hilo ni kitovu.

Redioni maneno hayo mawili huchanganywa kila mara. Ikitangazwa kwamba kitovu kilikuwa mahali fulani, hiyo ni habari ya ramani. Kina cha chimbuko ni habari nyingine, na ndicho huamua mengi, kwa kuwa tetemeko la kina kifupi hutikisa kwa nguvu zaidi kuliko lenye ukubwa ule ule lililoanzia mbali chini. Matetemeko ya Bonde la Ufa kwa kawaida ni ya kina kifupi.

Mawimbi yake hayasafiri pamoja. Ya kwanza husukuma na kuvuta mwamba kuelekea yanakokwenda, kama mabehewa ya treni yanavyogongana, nayo hupita katika miamba ya ganda kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde. Ya pili hutikisa mwamba kushoto na kulia, juu na chini, kwa kasi ya kilomita 3.5 hivi, na ndiyo huleta madhara zaidi. Wengi waliowahi kuhisi tetemeko husimulia kishindo kimoja, kama lori limegonga ukuta, kisha kimya kifupi, kisha mtikisiko wenyewe. Kimya hicho kina hesabu. Kila sekunde moja kati ya wimbi la kwanza na la pili ni umbali wa takriban kilomita 8 kutoka kwenye chimbuko. Vituo vya kupima matetemeko hutumia hesabu hiyo hiyo: kimoja kinajua umbali, vituo vitatu vikilinganisha umbali wao vinajua mahali. Kenya ina vituo kama hivyo, kikiwemo cha Kilima Mbogo karibu na Thika.

Ukubwa si ukali

Tetemeko moja lina ukubwa mmoja tu. Ukubwa ni kipimo cha nguvu iliyotoka kwenye ufa, na ni ule ule awe anayesoma yuko Subukia au Mombasa. Mmarekani Charles Richter alitangaza kipimo chake mwaka 1935, na ingawa vyombo vya habari bado vinasema "kwa kipimo cha Richter", wataalamu wamehamia hesabu nyingine inayopima vizuri zaidi matetemeko makubwa. Namba zake zimefanywa zifanane na za zamani, kwa hiyo msikilizaji hapotezi kitu. Anachopaswa kukumbuka ni kwamba namba hizo hazipandi kama bei ya unga. Kutoka 5 hadi 6, mtikisiko unaoandikwa na mtambo huongezeka mara 10, na nguvu inayotoka huongezeka mara 32 hivi.

Ukali ni jambo jingine. Ni kipimo cha yale yaliyotendeka mahali fulani: taa zilibembea, watu waliamka, mabomba ya moshi yalianguka, kuta zilibomoka. Kipimo chake kilibeba jina la Mtaliano Giuseppe Mercalli na huandikwa kwa namba za Kirumi, kutoka I hadi XII. Tetemeko moja huwa na ukali mwingi, kila kijiji na wake, kulingana na umbali, udongo na uimara wa nyumba.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika matetemeko mawili ya ukanda huu. Usiku wa Januari 6, 1928, ufa wa Laikipia na Marmanet ulisogea kaskazini mwa mji wa Nakuru, katika bonde la Subukia. Ukubwa wake umekadiriwa kuwa 6.9, na ndilo tetemeko kubwa zaidi lililoandikwa na mitambo nchini Kenya. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa karibu kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita 2. Lilihisiwa sehemu nyingi za nchi, lakini halikuacha orodha ndefu ya waliokufa. Watu wa eneo hilo walikuwa wachache na nyumba nyingi zilikuwa za chini na nyepesi.

Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba nchini Tanzania. Kwa nguvu, lilikuwa dogo mara 32 kuliko la Subukia. Liliua zaidi ya watu 15 na kuharibu maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za matofali yaliyopangwa bila nondo wala ringi.

Mji wa Nakuru ulipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021. Sensa ya 2019 iliuhesabia watu 570,674, na majengo yake yanapanda ghorofa baada ya ghorofa. Ufa wa Subukia bado uko pale ulipokuwa. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku utakaposogea tena, na ujumbe wa WhatsApp unaotaja tarehe na saa ya tetemeko ni uongo hata ukiwa na nembo ya ofisi. Kinachoweza kutajwa ni nondo, simenti na saini ya mhandisi. Tangu mwaka 1973 Kenya imekuwa na mwongozo rasmi wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko, uliotolewa na wizara ya ujenzi ya wakati huo. Mengi unayoyadai si ya gharama kubwa kwa nyumba ya kawaida: umbo rahisi, ringi ya zege inayozunguka kuta zote, paa lililofungwa kwenye kuta na si kulazwa juu yake.

Volkano, kreta na kaldera

Mabamba yanapoachana, ganda hukonda na mwamba wa chini, ukipunguziwa uzito ulioukandamiza, huanza kuyeyuka. Rojo hilo likiwa bado chini ya ardhi huitwa magma. Likitoka nje huitwa lava. Ni kitu kile kile kwa majina mawili, isipokuwa gesi iliyokuwa ndani ya magma hutoroka njiani, na jinsi inavyotoroka ndiyo huamua kama mlima utatiririka au utalipuka. Magma nyepesi huachia gesi yake kwa urahisi. Nzito huibana mpaka ipasuke, ikarusha majivu na mawe mepesi yenye vitundu kama sifongo. Mawe ya kujengea yanayokatwa kwenye machimbo mengi ya kaunti hii ni majivu ya namna hiyo yaliyogandamana. Magma iliyopoa haraka mno hugeuka kioo cheusi, na karibu na Naivasha na Eburru watu wa zama za mawe waliokota kioo hicho kutengeneza visu.

Longonot ina kreta, yaani shimo la kileleni ambapo volkano ilikuwa ikitoa vitu vyake. Menengai ina kaldera, na hilo si jina la kifahari tu la shimo kubwa. Kaldera hutokea volkano inapomwaga magma nyingi kwa pamoja hadi ghala lake la chini linabaki tupu, na paa la ghala hilo, yaani mlima wenyewe, likaporomokea ndani. Kaldera ya Menengai ina upana wa takriban kilomita 12 kwa 8. Wageni wanaosimama ukingoni na kutafuta kilele cha mlima hawawezi kukiona kwa sababu kilizama maelfu ya miaka iliyopita. Wakikuyu waliuita mlima wa mizimu, na masimulizi ya Wamaasai yanataja mashujaa wa Laikipia waliotupwa humo vitani katika karne ya 19. Mvuke unaotoka chini asubuhi za baridi umeyasaidia sana masimulizi hayo yasife.

Je, volkano hizo zimekufa? Watu hupenda jibu la ndiyo au la. Kwa kawaida volkano huitwa hai ikiwa inalipuka au ina dalili za kuweza kulipuka, iliyolala ikiwa imenyamaza lakini bado ina moto chini, na mfu ikiwa chanzo chake cha magma kimekatika. Mlima Kenya ni mfu, umenyamaza kwa zaidi ya miaka milioni mbili. Longonot haimo katika kundi hilo, kwani inaaminika ilitoa lava mara ya mwisho katika miaka ya 1860. Vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba kati ya 2004 na 2006 ardhi yake iliinuka karibu sentimita 9, na kwamba Menengai na Suswa zilishuka kwa sentimita 2 hadi 5 kati ya 1997 na 2000. Kupumua kwa namna hiyo si tangazo la mlipuko. Ni ushahidi tu kwamba chini kuna kitu kinachosogea, na kwamba neno linalofaa ni iliyolala.

Majirani wametoa mifano ya jinsi volkano na tetemeko vinavyofuatana. Julai 2007 matetemeko mfululizo kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron, yaliwafanya wafanyakazi Nairobi watoke mbio maofisini. Chanzo kilikuwa magma iliyokuwa ikijipenyeza kwenye mwamba karibu na mlima Gelai, na Septemba mwaka huo jirani yake, Ol Doinyo Lengai, ulilipuka. Nyiragongo, upande wa Kongo, ina lava nyepesi ajabu inayokimbia mteremkoni. Iliingia katikati ya mji wa Goma Januari 2002, na ikatoka tena Mei 2021.

Mvuke

Moto huo huo unawasha taa. Maji ya mvua hushuka kupitia nyufa, hukutana na mwamba wa moto, na yakipata njia hurudi juu kama chemchemi za maji moto au matundu ya mvuke. Mtu akichimba kisima kirefu, huko Olkaria vingine vikifika kilomita 3, mvuke hupanda kwa nguvu ya kuzungusha mtambo wa umeme. Hiyo ndiyo nishati ya jotoardhi. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Leo jotoardhi huchangia zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya, na sehemu kubwa ya hiyo hutoka ndani ya Kaunti ya Nakuru. Menengai nayo ilianza kuchimbwa mwaka 2011.

Wakazi wa Eburru walikuwa na akili hiyo kabla ya mitambo. Kijiji hicho kiko juu ya mlima usio na mto, lakini mvuke unatoka ardhini, kwa hiyo watu huweka mabomba juu ya matundu, mvuke hupoa ukawa maji, na maji hayo hutumika nyumbani.

Si kila badiliko la bonde linatokana na moto wa chini. Maji ya maziwa ya Nakuru, Naivasha na Baringo yalipopanda na kumeza nyumba na mashamba, kulikuwa na uvumi kwamba ardhi imefungua mishipa yake. Ripoti iliyotolewa na serikali mwaka 2021 iliweka uzito mkubwa kwenye mvua iliyoongezeka.

Ardhi ikitikisika

Aliye ndani ya nyumba asikimbilie ngazi wala mlango. Wengi huumia wakikimbia, wakiangukiwa na vioo, vigae na matofali ya nje. Ainame, ajifunike chini ya meza imara au kando ya ukuta wa ndani akikinga kichwa na shingo kwa mikono, na ashikilie hapo hadi mtikisiko uishe. Aliye nje akae mbali na kuta, nyaya za umeme na miti. Aliye ukingoni mwa Menengai, Hell's Gate au kwenye machimbo ya mawe aondoke chini ya miamba. Dereva apunguze mwendo na kusimama mbali na madaraja.

Mtikisiko ukiisha, mtungi wa gesi ufungwe kabla ya kiberiti kuwashwa. Watu watoke nje wakati huo, kwa ngazi na si kwa lifti, na wasirudi haraka kwenye jengo lililopata nyufa mpya. Mitetemo ya baadaye ni ya kawaida, kwa kuwa ufa uliosogea huendelea kujiweka sawa kwa siku, wiki au miezi. Baada ya tetemeko la Subukia la Januari 6, 1928, mwingine mkubwa ulifuata siku chache tu baadaye, na ukuta uliobaki umesimama kwa bahati mara ya kwanza hauna bahati ya pili.

Mpasuko mpya, ardhi inayotitia, mvuke unaotoka mahali ambapo haukuwahi kutoka au chemchemi iliyobadilika ghafla joto au rangi iripotiwe kwa chifu au msimamizi wa wadi, na watoto wazuiwe kusogea ukingoni, kwa kuwa uwazi wa chini huwa mpana kuliko unaoonekana juu. Kwa dharura, nambari za serikali ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, bila malipo.